Wahakiki wa magazeti na tamthilia mpya: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Mwanza

Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi kabla sijaanza kuandika safu ya televisheni. Maswali haya yananifikia kwa ujumbe wa simu, kwenye meza ya magazeti Kirumba, ndani ya daladala ya Igoma, na mengine yanavuka maji kutoka Ukerewe. Wengi bado wananiita Mwalimu, nami nimeyajibu kama mwalimu: penye jambo zito nimekaa, penye jepesi nimepita.

Mwalimu, mhakiki wa televisheni ana tofauti gani na mwandishi wa habari za wasanii?

Mwandishi wa habari za wasanii anakueleza mwigizaji fulani ameachana na nani na amenunua gari gani. Mhakiki anaitazama kazi yenyewe: hadithi inasukumwa na nini, wahusika wanaaminika au wamewekwa tu wajaze sebule, maneno wanayosema ni ya watu walio hai au ni ya risala. Mtu akifumaniwa si kazi ya mhakiki, hata kama aliyefumaniwa ndiye steringi wa tamthilia inayoanza Jumatatu.

Aliyesoma hadi kidato cha nne Tanzania zana hizi anazo tayari. Darasani tuliziita fani na maudhui: dhamira, wahusika, muundo, mtindo, mandhari, matumizi ya lugha. Tulizifundisha kwa riwaya na ushairi, lakini zinafanya kazi hata mbele ya televisheni. Televisheni inaongeza picha, mwanga, sauti na uso wa mwigizaji, na hayo inabidi mtu ajizoeze kuyaona.

Kwa nini magazeti yamejaa wachambuzi wa soka, lakini wa tamthilia hawaonekani?

Hili naulizwa kuliko yote, na linaniuma. Simba na Yanga wakicheza Jumamosi, Jumapili utasoma kurasa kadhaa: nani alikaba vibaya, kwa nini kiungo alichelewa kutolewa, kocha alikosea wapi. Watu wanabishana saluni mpaka kinyozi anazima mashine aingie kwenye ubishi. Tamthilia mpya ikianza wiki hiyohiyo, gazeti litachapa picha ya mwigizaji mkuu na sentensi tatu zilizotoka ofisi ya masoko ya kituo.

Sababu mojawapo ni umri. Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV. Magazeti yalikuwa yameshajipangia kurasa zake, na ya televisheni haikuwamo. Kisha tamthilia zilizotukusanya sebuleni miaka ile nyingi zilitoka nje, Mexico, Ufilipino, Afrika Kusini, na kumhakiki mtunzi aliye mbali hivyo kulionekana kazi bure. Ukurasa wa burudani ukabaki wazi, udaku ukauingia na kuhamia humo jumla.

Mwaka 2013 ulibadili mambo. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam mwisho wa 2012, zamu ya Mwanza ikaja mwanzoni mwa mwaka uliofuata, ving'amuzi vikawa habari ya kila mtaa, na Desemba 2013 Azam TV ikaanza kurusha matangazo. Chaneli zilihitaji hadithi za Kiswahili za kujaza usiku, kwa hiyo zikaanza kuzigharamia. Leo tamthilia za kuhakikiwa zipo tele. Kurasa ndizo hazipo, na mhariri hatazitoa mpaka wasomaji wazidai kwa sauti ileile wanayodai habari za usajili.

Wenzetu waliotangulia wanafanyaje?

Marekani na Uingereza gazeti kubwa humwajiri mtu ambaye kazi yake ni kutazama televisheni na kuiandikia. Clive James aliandika safu ya televisheni katika The Observer la London kuanzia 1972 hadi 1982, na safu zile baadaye zilikusanywa vitabuni, watu wakazisoma kama wasomavyo fasihi. Marekani, Tuzo ya Pulitzer ya uhakiki, tuzo kubwa ya waandishi wa kule, ilikwenda mwaka 1973 kwa Ron Powers wa Chicago Sun-Times kwa maandishi yake juu ya televisheni. Baadaye wakaipata Howard Rosenberg wa Los Angeles Times mwaka 1985 na Tom Shales wa Washington Post mwaka 1988. Tuzo hiyohiyo ndiyo wanayopewa wahakiki wa muziki, wa usanifu wa majengo na wa vitabu. Hilo napenda kulirudia kila ninapoambiwa kwamba tamthilia ni mambo ya akina mama wa nyumbani, hayastahili wino.

Tangu 1978 wahakiki wa kule wana chama chao, Television Critics Association, na kwa miaka mingi vituo vimekuwa vikiwakutanisha na watunzi na waigizaji wawaulize maswali uso kwa uso. Zamani msimu mpya ulianza kila Septemba, na gazeti lilipitia tamthilia mpya zote kwa mkupuo. Sasa zinatoka mwaka mzima. Na hata huko mambo si shwari: magazeti mengi yamepunguza watu, na mhakiki huwa miongoni mwa wa kwanza kuonyeshwa mlango.

Mhakiki anatazama sehemu ngapi kabla ya kuandika?

Anazotumiwa. Kituo humpa sehemu za mwanzo kabla hazijarushwa, pengine tatu au nne kati ya kumi, kwa masharti kwamba asichapishe chochote kabla ya siku fulani. Kwa hiyo maoni ya tamthilia mpya unayosoma gazetini mara nyingi ni maoni ya mwanzo wake tu. Na sehemu ya kwanza ndiyo inayopikwa kwa uangalifu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayowauzia watu wazo zima.

Kwetu tatizo ni kubwa zaidi. Tamthilia zetu nyingi zinarushwa siku kadhaa kwa wiki na zinavuka sehemu mia bila kutoa jasho. Kuihukumu kazi ya namna hiyo kwa sehemu mbili ni kama kuonja ugali kabla maji hayajachemka. Mimi naandika wiki ya kwanza, kisha narudi sehemu ya thelathini. Hapo akiba ya matukio imeisha na utamwona mtunzi alivyo. Aliyejipanga anaingia ndani zaidi ya watu wake: baba mkali wa sehemu ya kwanza sasa tunajua anaogopa nini. Asiyejipanga analeta pacha aliyepotea, barua iliyofichwa, na mgonjwa anayezimia wiki tatu mfululizo.

Nyota tatu kati ya tano maana yake nini?

Maana yake soma aya zilizobaki. Mimi siweki nyota, maana nikiweka, watu wanasoma nyota na kuacha sababu.

Na zile asilimia za mtandaoni?

Hapa wengi wanapotea, hata walimu wenzangu. Asilimia 90 ya Rotten Tomatoes, mtandao unaokusanya maoni ya wahakiki, si alama 90 kwa 100. Mtandao huo ulioanza 1998 unahesabu ni wahakiki wangapi wameipitisha kazi. Wahakiki kumi wakisema tamthilia inatazamika, basi, itapata asilimia 100, ilhali hakuna hata mmoja aliyeipenda kwa moyo. Ikifikisha 60 inapewa nyanya nyekundu, na chini ya hapo nyanya inapondeka. Metacritic, iliyoanza 2001, inakwenda kwa hesabu nyingine: kila uhakiki unageuzwa kuwa alama, kisha unatafutwa wastani, na maoni ya baadhi ya magazeti yanapewa uzito kuliko mengine.

Ukitaka kukumbuka, fikiria shule. Metacritic inakupa wastani wa darasa, Rotten Tomatoes inakupa idadi ya waliofaulu. Na shule inaweza kufaulisha wote kwa daraja la nne.

Mbona wahakiki wanaponda tunachokipenda na kusifia tusichokitazama?

Hutokea, na mifano ni ya siku nyingi. Mwaka 1964 CBS ya Marekani ilianzisha vichekesho vya Gilligan's Island, kuhusu watu waliokwama kisiwani. Wahakiki wakaviponda vibaya, watazamaji wakavipenda, na vikafika sehemu 98. Upande wa pili, Januari 1981 NBC ilianza kurusha Hill Street Blues, tamthilia ya kituo cha polisi. Watazamaji walikuwa wachache sana, wahakiki wakaishikilia, kituo kikaivumilia. Mwaka huohuo ilipata tuzo nane za Emmy, ambazo ni tuzo kubwa za televisheni Marekani, na ikaendelea hadi 1987. Bila magazeti sidhani kama ingefika msimu wa pili.

Sasa nani alikuwa sahihi? Mhakiki ametazama tamthilia nyingi mno, kwa hiyo jambo lililokwisha kutumika analiona toka mbali na linamchosha. Wewe unatazama baada ya kazi, watoto wako pembeni, chai mezani, na unachotaka ni kucheka na hao mliokaa nao. Kucheka kwako ni kweli kabisa. Ila mhakiki ana jukumu ambalo wewe huna: kuilinda kazi nzuri isiyo na kelele kabla haijaondolewa hewani kimyakimya. Kwa hiyo sina ugomvi sana na mhakiki anayeponda kinachopendwa, lakini anayekaa kimya kazi nzuri inapokufa simwelewi.

Nikitofautiana na mhakiki, nimekosea?

Hapana. Lakini toa sababu zako kama alivyotoa zake. "Mimi nimeipenda" inafunga mazungumzo. "Nimeipenda kwa sababu yule dada hakulia msibani, na mimi pia sikulia siku ile" inayafungua.

Mhakiki analipwa na kituo?

Hatakiwi. Najua hali ilivyo, kwa hiyo nitasema wazi. Miaka michache iliyopita kituo kimoja kilitualika kwenye uzinduzi hotelini, tukala, tukaonyeshwa sehemu ya kwanza, na wakati wa kutoka tukapewa bahasha za nauli. Nauli ya kunirudisha Nyamanoro ni ya daladala, lakini bahasha ile ingenifikisha Bukoba na kunirudisha. Niliirudisha mezani. Wiki iliyofuata niliandika kwamba mama wa tamthilia ile ameigizwa vizuri mno na hadithi imeazimwa mahali pengine. Sikualikwa tena. Kijana niliyekwenda naye, anayelipwa kwa idadi ya habari zinazochapwa, alichukua bahasha, na simlaumu. Namlaumu mwajiri anayemwacha aishi kwa bahasha.

Uhakiki ulionunuliwa hujificha vibaya. Hauna kasoro hata moja. Hautaji tukio lolote unaloweza kulitazama na kulithibitisha. Maneno yake ni ya tangazo: ya kusisimua, isiyo ya kukosa, inakuja kivingine. Na mwishoni kuna bei ya kifurushi.

Je, uhakiki hautanitobolea siri za hadithi?

Mhakiki mwenye adabu anaishia pale kionjo cha kituo kilipoishia, au pungufu.

Tamthilia za Kituruki na Kikorea zilizotiwa sauti za Kiswahili zinahakikiwaje?

Zinahakikiwa mara mbili. Kwanza hadithi na uigizaji, ambavyo ni vya kwao. Pili sauti, ambazo ni za kwetu, na hapo Mtanzania anastahili sifa au lawama zake kwa jina la kazi yake. Nasikiliza kama sauti inalingana na umri wa uso, kama pumzi inakwenda na midomo, na zaidi ya yote kama Kiswahili kile kinazungumzwa mahali popote duniani. Mfalme anayesema "nipo katika hali ya kutokufurahishwa" ametafsiriwa na mtu aliyekuwa anasoma bila kusikiliza.

Sisi tuna historia nzuri katika hili. Walioketi vibanda umiza, vile vibanda vya kulipia kutazama video, wanamkumbuka Lufufu, aliyechukua mkanda mzima na kuusimulia kwa Kiswahili kwa sauti yake moja, mwanamume, mwanamke, adui na mtoto. Aliongeza maneno, alieleza desturi, alimwonya steringi. Ile haikuwa tafsiri tu. Alikuwa anatoa maoni juu ya filamu huku inaendelea, na kwa wengi wetu huyo ndiye mhakiki wa kwanza tuliyemsikia.

Mtu wa Mwanza anaweza kuwa mhakiki? Si kila kitu kiko Dar?

Studio nyingi ziko Dar, ndiyo. Lakini Star TV ilizaliwa hapahapa Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino pale Malimbe kimetoa waandishi wa habari wasiohesabika, na king'amuzi cha Buhongwa kinaonyesha kilekile kinachoonekana Mikocheni. Isitoshe, kuna vitu ambavyo mhakiki wa Dar hawezi kuviona hata akikaza macho.

Nitoe mfano ulionifanya nianze safu hii. Ilirushwa tamthilia ya maisha ya wavuvi wa ziwa letu, na gazeti moja likaisifu kwa picha zake nzuri: mitumbwi ya dagaa ikiwa kazini chini ya mbalamwezi, maji yanametameta. Picha zilikuwa nzuri kweli. Lakini dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku wa giza. Taa inawekwa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu. Kila nyumba ya Igombe ilijua hilo. Tukio lingine lilikuwa na ngalawa yenye matengo ubavuni, yaani mbao za kuizuia isipinduke, chombo cha Bahari ya Hindi kilichopotea njia hadi kwetu.

Mtu ataniambia hayo ni madogo. Kwangu si madogo, kwa sababu hadithi yenyewe ilihusu kijana anayelazimishwa na deni kwenda majini. Kama mtunzi angejua kuhusu giza na mwezi, angepata kitu ambacho hakuna mtunzi wa Dar angeweza kukibuni: siku za mwezi ambazo mvuvi hana kipato, mwenye mtumbwi anadai, mke anakopa unga dukani, na kila mtu anatazama angani akihesabu. Tamthilia ilikuwa imekaa juu ya hazina na haikujua. Kazi ya mhakiki ilikuwa kulisema hilo, na gazeti likasifu mbalamwezi.

Kuna jingine linalonikera zaidi. Msukuma wa kwenye tamthilia zetu ni nani? Mlinzi wa geti. Mfanyakazi wa shamba. Mtu wa kuchekwa kwa lafudhi yake, anayeshangaa lifti. Nimefundisha watoto wa Kisukuma ambao leo ni mainjinia na madaktari, na sijawahi kuwaona kwenye runinga. Si kwamba nataka kila Msukuma awe daktari. Mlinzi naye ana hadithi yake, ana mke Magu, ana ng'ombe aliowaacha, ana sababu ya kulinda nyumba ya mtu mwingine usiku. Mpeni hiyo hadithi. Darasani tuliita usawiri wa wahusika, na mwanafunzi aliyeandika kwamba mhusika "yupo kwa ajili ya kuchekesha tu" nilimpa alama zake.

Umewahi kukosea, Mwalimu?

Nimewahi, na lililo zito zaidi ni hili. Tamthilia moja ya familia niliiandikia vibaya baada ya sehemu tatu: polepole mno, hakuna linalotokea. Msomaji wa Sengerema akaniandikia kwamba upole ule ndio hadithi, kwamba yule mume anayekula bila kusema neno ni babake mtupu. Nilirudi nikatazama sehemu ishirini mfululizo. Msomaji alikuwa sahihi. Niliandika safu nzima kulisahihisha, nikaeleza nilipitwa na nini. Tangu hapo sijaandika neno "polepole" bila kujiuliza linamtumikia nani.

Nina fedha ya kifurushi kimoja tu kwa mwezi. Uhakiki utanisaidia nini?

Utakuokolea fedha, ukijua unachotafuta. Ruka sentensi ya kwanza na ya mwisho, ndiko sifa na matusi yanakokaa. Katikati tafuta mahali mhakiki anapoeleza tukio moja, nani alisema nini na akaonekanaje. Tukio hilo likikuvutia wewe, lipia, hata kama mhakiki analilalamikia. Pia mfuate mhakiki mmoja kwa miezi miwili ukilinganisha na macho yako. Ukigundua kwamba kila anachokiita "kelele" wewe unakifurahia, umepata mwongozo mzuri sana, kwa kumsoma kinyume.

Na kabla ya kulipa, uliza kama kuna marudio Jumamosi kwenye chaneli isiyolipiwa. Mara nyingi yapo.

Mama yangu hajui kusoma, lakini kila jioni anaichambua tamthilia mpaka tunanyamaza. Huo ni uhakiki?

Ni uhakiki. Shangazi yangu mmoja anaanika dagaa Igombe na hajawahi kushika gazeti ila la kufungia. Tulikuwa tunatazama tamthilia ambayo ndani yake mwanamke amefiwa na mume, na mimi nilikuwa naandika kwenye daftari kuhusu mwanga. Shangazi akasema: "Huyu hajafiwa. Tazama kucha." Kucha zilikuwa mpya, ndefu, zimepakwa rangi, siku ya pili ya matanga. Kisha akaongeza kwamba mjane hapewi chakula kwa sahani ya peke yake, wanawake wenzake humkalia pembeni na kula naye ili asiache kula. Kwa sentensi mbili alikuwa ameonyesha kwamba walioandaa tukio lile hawakumuuliza mjane hata mmoja. Nilimwomba ruhusa, nikaliandika gazetini kama lilivyo.

Muulize mama yako swali moja pale anapotoa hukumu: "Umejuaje, mama?" Halafu uwe na kalamu karibu, na usimsahihishe Kiswahili chake.